Sentensi Ambayo Sikuiandika

Chaani, Changamwe
Jumatano, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Salsabil,

Na kabla mtandao haujatukata siku ya Jumapili nilikuwa nimefika hapa: kwamba lile neno ulilolikuta kwenye karatasi za mtihani, “get across”, maana yake si kusema. Kusema ni jambo moja na kufikisha ni jambo jingine. Ndipo sauti yako ikapotea, nikabaki nimeshika simu nikiusomesha ukuta. Baadaye ukaniandikia kwamba nikuwekee maelezo hayo kwa mkono wangu uyabandike kwenye daftari lako. Haya, ndiyo haya yanakuja. Lakini ona nilivyokosa adabu, nimeingia darasani kabla ya kubisha hodi.

Shikamoo dada. U hali gani? Ahmad kile kikohozi kimemwacha? Zuleikha meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo lake? Na wewe mwenyewe, unalala saa ngapi na hivyo vitabu? Hapa jirani nimewaambia wote kwamba dada yangu ana watoto wawili na anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na hakuna aliyenisikia asiseme mashallah. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Leo ni siku ya thelathini na nane tangu niolewe, na nazihesabu kama mtoto anayengojea Idi, ila mimi Idi yangu ilishaingia na haijatoka.

Ningeweza kuijaza karatasi hii yote kwa Aqil. Unajua nikilala miguu yangu hutoka nje ya shuka. Basi kila alfajiri kabla hajaenda kazini hunifunika miguu, polepole, akidhani sijui. Akipita Magongo hurudi na kikuba cha asumini kwenye mfuko wa shati, kimepondeka, kinanuka nusu asumini na nusu dizeli, na mimi hukivaa hivyo hivyo. Huniita mwalimu. Nikimuuliza kwa nini, husema mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne na bado akakubali kumpikia yeye lazima atakuwa na cheo. Dada, mimi sikujua kama mtu anaweza kufurahi hivi na bado akapika, akafua, akafagia kama watu wengine.

Sasa neno lako. Mwalimu wetu wa kidato cha tatu alitufundisha hivi. Mtu amesimama upande mmoja wa barabara kubwa, malori yanapita, anamwita mwenzake aliye upande wa pili. Anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mwenzake anamwona, anampungia mkono, anatabasamu, anakwenda zake. Yule wa kwanza amesema sana, lakini jambo lake limebaki upande wake. Likivuka likamfikia mwenzake, akalielewa kama lilivyokusudiwa, hapo ndipo Waingereza husema “get across”. Kile kinachofikishwa unaweza kukiweka katikati: “get the message across”. Na ukitaka kumtaja unayemfikishia, unaongeza “to”: “He could not get it across to his boss.” Yaani, hakuweza kumfikishia mkubwa wake jambo lile akalielewa.

Mfano huo wa mwisho sikuutoa kitabuni.

Kazi ya Aqil nilikueleza juu juu tu. Katika bohari lao la mafuta yeye ndiye mpimaji wa matangi. Asubuhi hupanda ngazi mpaka juu ya tangi, hufungua kifuniko, huteremsha utepe wa shaba wenye timazi mwishoni, kisha husoma mafuta yamefikia wapi. Mwishoni mwa mwezi uliopita, siku chache baada ya harusi yetu, aligundua kwamba tangi la nne linapungua. Tangi lenyewe limefungwa, hakuna lori lililochota humo, lakini kila asubuhi mafuta yameshuka upana wa kidole kimoja. Mafuta hayapai, dada. Kama hayatoki kwa juu, yanatoka kwa chini. Na bohari lile liko juu ya kilima, sisi tuko bondeni.

Aqil akamwendea msimamizi wake, Bramwel, mtu wa bara, mcheshi, tena aliyetuletea zawadi ya harusi. Unajua sisi tulivyolelewa: habari mbaya haiingii kwa mkubwa ikiwa uchi, huvikwa nguo kwanza. Aqil akamuuliza hali, akamuuliza watoto, kisha akasema samahani mkubwa wangu, labda ni macho yangu, huenda mimi ndiye niliyekosea, lakini tangi la nne naona kama limepungua kidogo. Mtu wa kwetu angesikia maneno hayo angesimama mbio. Bramwel aliyasikia kama yalivyotamkwa. Alisema kama umekosea kupima, pima tena. Kisha akawaambia wenzake kwamba bwana harusi macho yake yamejaa usingizi, mpeni wiki mbili atazoea. Wakacheka wote. Aqil naye akacheka, kwa heshima.

Alirudia mara tatu, na mara zote tatu alianza na labda. Mwisho Bramwel akamwambia kwamba kama kweli ana jambo, aliandike kwa meneja, kwa Kiingereza, maana meneja hasomi lugha nyingine. Mume wangu aliacha shule kidato cha pili baba yake alipougua. Kiingereza cha mashine anakisoma, cha kutunga barua hana. Akarudi nyumbani, akaketi mkekani mbele yangu, akasema mwalimu, leo nina kazi nawe.

Alinipa mambo matatu akiyahesabu kwa vidole. La kwanza, tangi la nne linavuja. La pili, mafuta yanateremka chini ya ardhi kuelekea nyumba za watu. La tatu, watu wa bondeni waambiwe leo hii wasichote maji ya visima na wasiwashe moto karibu na mtaro mpaka pachimbwe pakaguliwe. Akasema hilo la tatu ndilo barua yenyewe, hayo mawili ni salamu tu. Niliandika ukurasa mzima, mwandiko wangu ule wa kupata zawadi shuleni. Akatia sahihi yake chini, akaibusu karatasi, akanibusu na mimi.

Kesho yake alirudi kabla ya saa yake na halua kwenye kikapu. Meneja ameifurahia barua, alisema. Amesema hajapata kuona mfanyakazi akiandika vizuri na kwa utulivu namna ile, na Bramwel akaongeza kwamba huyo mke aje tumwajiri. Aqil alikuwa akicheka mwenyewe, amefika, ameeleweka, mzigo umemtoka mabegani. Akanilisha halua kwa mkono wake. Niliimeza.

Kisha hakuja mtu. Siku tatu, wiki, wiki mbili. Aqil alisema watu wakubwa wana mipango yao, huenda wanatafuta mafundi.

Hapa uani tuna kisima cha maji ya chumvi, tunachota ya kufulia na kupigia deki. Maji yakaanza kuwa na rangi juu yake, zambarau na kijani, kama shingo ya njiwa. Nikajiambia ni sabuni. Kanga zangu za harusi nikazianua kambani zina harufu. Nikajiambia ni moshi wa malori. Jirani yetu Dancun, fundi wa magari, aliyekuwa akikaa chumba kilichoshikana na chetu, akaanza kuumwa kichwa kila akiamka. Alitutania kwamba anaota yumo kituo cha mafuta na hana gari. Baada ya siku kumi hakutania tena, alikusanya vitu vyake akahamia Magongo.

Ndiyo dada. Chumba hicho ndicho nilichokuombea kwa mwenye nyumba mje mkae. Tulia, nitafika huko.

Upande wa pili wetu anakaa Mwikali na mwanawe Mutua; ni mama wa Kikamba anayeuza chapati na viazi karai barazani. Yeye kwao habari mbaya hazivikwi nguo. Alikuja mlangoni kwangu na ndoo, akaisukuma chini ya pua yangu, akasema hii maji iko na petroli, yeye ameuza mafuta ya taa miaka sita na hawezi kudanganywa. Nilimjibu kwamba labda ni lori lilimwaga mafuta barabarani, mvua ikayaleta. “Bibi harusi,” akasema, “wewe kila kitu kwako ni labda.” Akaondoka na ndoo yake.

Juzi Jumatatu asubuhi Mwikali alimwaga majivu ya jiko mtaroni kama anavyofanya siku zote. Palikuwa na kaa moja lililo hai. Nilikuwa nimesimama nikianika nguo, nikaona kwa macho yangu. Moto wa buluu ulitambaa juu ya maji, mwembamba, bila sauti, mbio kama mjusi, ukapita mlango wa Mwikali, ukapita mlango wangu, ukaenda ukazimikia kwenye kizingiti cha kile chumba kitupu. Watoto waliokuwa uani wakapiga makofi wakasema Mama Mutua, tena, tena! Mwikali alikuwa akimwaga mchanga mtaroni kwa mikono miwili.

Aqil aliporudi mchana nilimweleza. Hakuamini. Akasema haiwezekani, wale wameambiwa wazi, watu wasiwashe moto, wasichote maji, na wewe mwenyewe ndiye uliyeandika. Akampigia Bramwel pale pale, simu ikiwa wazi nami nikisikia. Safari hii hakuuliza hali wala watoto. Akauliza mbona watu wa bondeni hawajaambiwa mpaka leo. Bramwel akashangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. “Aqil, ndugu yangu, si wewe mwenyewe uliandika hakuna haja ya wasiwasi? Barua yako iko kwa faili. Hata wakaguzi walipokuja tuliwaonyesha, sahihi ni yako, wakaridhika wakaenda.”

Aqil akaitazama simu. Kisha akanitazama mimi.

Dada, nimezunguka kurasa hizi zote kama kuku anayetafuta pa kutagia, na sasa sina pengine pa kwenda. Ile sentensi ya tatu sikuiandika. Niliandika kwamba tangi la nne “linaonyesha upungufu mdogo”, na kwamba mwandishi kwa unyenyekevu anaomba ikiwezekana litazamwe kwa wakati utakaofaa. Na pale mume wangu aliposema watu waambiwe, mimi niliandika “There is no cause for alarm.” Hakuna haja ya wasiwasi. Ni sentensi niliyoipenda tangu shule, ina mlio mzuri. Nikamsomea Aqil kwa Kiswahili yale aliyoniambia yeye, siyo yale niliyoyaandika, naye akatia sahihi.

Utaniuliza kwa nini. Wiki ile ile nilikuwa nimekwenda kumpa pole Kafedha, mke wa Mwidani, mpimaji aliyekuwa kabla ya Aqil. Kafedha aliniambia kwamba mumewe alisimama mkutanoni mbele ya wageni akasema wazi kuhusu mabomba mabovu, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa nje ya lango na vyombo vyao viko juu ya mkokoteni. Sasa wamegawana watoto kwa jamaa. Nilirudi nyumbani nikakitazama kitanda changu, pazia langu, viatu vya Aqil mlangoni, nikaona mkokoteni. Nilikuwa na siku kumi na moja tu za ndoa. Nikajiambia nikiilainisha barua watalitengeneza tangi kwa siri, hakuna atakayekasirika, na furaha yangu haitaguswa na mtu. Sikutaka kumdhuru yeyote. Nilitaka kumlinda. Kumbe nimemwandikia mume wangu karatasi inayosema kwamba yeye, mpimaji, ndiye aliyehakikisha hakuna hatari. Na jambo lolote likitokea hapa, karatasi hiyo ndiyo itakayoaminiwa, si yeye.

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliniomba nakala, akaniambia nimsomee, neno kwa neno, kama lilivyo. Nikamsomea. Nilipofika kwenye ile sentensi akaniambia nirudie. Nikairudia. Akaniuliza, kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, ni lini alipata kuniambia kwamba anaogopa kufukuzwa kazi kuliko kubeba majeneza ya majirani. Jana siku nzima hakuniita mwalimu. Aliniita kwa jina langu, Raihana, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha.

Jana hiyo tuliandika nyingine. Sentensi nne. Ya kwanza inasema barua ya awali si maneno yake na ifutwe. Hamna labda ndani yake, hamna unyenyekevu. Niliitafsiri kwa sauti mara mbili, kisha akaipeleka kwa rafiki yake anayejua Kiingereza amsomee na yeye. Ndiyo, dada. Aliipeleka kwa mtu mwingine kuhakikisha. Nilistahili. Nakala mbili: moja ya meneja, moja ya chifu. Leo asubuhi ameondoka nazo zote mbili.

Naye alipotoka nilitoka mimi. Hina bado ipo kwenye kucha, nikapita mlango kwa mlango bila hata kuuliza habari za asubuhi. Nilisema: “Maji ya kisima yana petroli, inatoka boharini, msiyaguse. Msiwashe moto huku bondeni. Anayeweza kuwapeleka watoto kwa jamaa, awapeleke leo.” Mmoja alicheka akasema bibi harusi amepandwa na mashetani. Mmoja alinifungia mlango. Wengine walinisikiliza, nikaona nyuso zao zikibadilika, na dada, uso wa mtu ukibadilika mbele yako ndipo unapojua kwamba jambo limefika. Mwikali, ambaye jiko ndilo linalomlisha, alilizima kabla sijamaliza. Hakunishukuru. Alisema tu, “Sasa umeongea,” akaanza kumfunga Mutua viatu.

Nilianza barua hii baada ya adhuhuri, na sasa wameadhini alasiri. Aqil hutoka kazini saa saba. Simu zao huziacha langoni, kwa hiyo yake inaita tu, inaita, kisha inanyamaza. Muda mfupi uliopita gari lao lilisimama kule juu ya barabara. Walishuka wanaume watatu wenye kofia ngumu, wakaitazama nyumba yetu, mmoja akanyoosha kidole, akaandika kitu, wakapanda gari wakarudi walikotoka. Hawakuteremka kutuambia neno. Harufu leo ni kali kuliko jana, hata asumini siisikii.

Sasa nisikilize. Nimejaribu kukwambia kwa simu mara tatu. Mara ya kwanza nilisema hewa ya huku nzito, ukasema ni hewa ya bibi harusi. Mara ya pili nilisema chumba kina joto, ukacheka kwamba nina wivu sitaki muone raha yangu. Mara ya tatu, Jumapili, nilijificha nyuma ya neno lako la mtihani mpaka mtandao ukatuachanisha, na nilishukuru ulipotuachanisha. Yote hayo yalikuwa labda.

Usije, Salsabil. Usiwalete Ahmad na Zuleikha. Sakafu ya chumba kile inatoa mvuke wa petroli, Dancun aliugua humo, na moto uliishia mlangoni pake. Na hili ndilo lililo zito kuliko yote: nilipokuombea chumba kile nilikuwa tayari najua. Nilikuwa nimeshaandika ile barua. Nilijiambia mpaka mfike watakuwa wametengeneza. Nilitaka dada yangu aisikie furaha yangu kupitia ukutani, na kwa tamaa hiyo nilikuwa nawalaza wanao juu ya mafuta. Leo asubuhi nimemwambia mwenye nyumba hutakuja. Kama umeshafunga mizigo, ifungue. Ukinichukia kidogo, utakuwa na haki, lakini nichukie ukiwa Kipini.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho alfajiri, ni mtu wa kwetu, ataikabidhi mkononi mwako. Ukishaisoma nipigie na unirudie kwa maneno yako mwenyewe nilichokuambia, nisikie kwamba imefika. Wabusu watoto. Msalimie mama mdogo na wote wa mtaa wa msikitini, na uwaombe watutie katika dua zao, Aqil hasa, kila wanaposali. Vitabu usiviache, mtihani utaufanyia huko huko, na mimi ndiye nitakayekuja kukufundisha. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Kipini, inshallah, niko na mume wangu au niko peke yangu, lakini nitafika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Raihana